Akidi ya Namihuku

Jumanne ya kwanza ya Julai, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, Faudhia Mchopa alisimika kamera yake kwenye kibaraza cha Beatrisi, kijijini Namihuku, upande wa Chunyu, wilayani Ruangwa. Alikuwa ametoka Nachingwea alfajiri kwa pikipiki yake mwenyewe, begi la kamera kifuani, stendi imefungwa nyuma kwa mpira. Vumbi lilimwingia mpaka kwenye nyusi. Beatrisi alimpa maji ya kunawa na kikombe cha uji, akamsubiri amalize, kisha akakaa kwenye kiti alichoonyeshwa na kuuliza aanzie wapi.

Watu wa Nachingwea walimjua Faudhia kwa harusi na sherehe za unyago. Alikuwa na chumba chake karibu na soko, mlangoni pameandikwa VIDEO, na hakuna kijiji cha kata ya Nambambo ambacho hakikuwa na bibi harusi aliyewahi kupigwa picha na kamera yake. Lakini kwa miaka minne sasa, kamera ileile ilikuwa inafanya kazi nyingine ambayo hakuna aliyemtuma. Alitengeneza filamu za hali halisi, za watu waliovutana na wakubwa wao. Ya kwanza ilihusu kisima, ya pili ilihusu njia ya ng'ombe. Hii ya tatu ilihusu mashamba ya Namihuku, na moja ya mashamba hayo lilikuwa la marehemu mama yake.

Habari yenyewe haikuwa ndefu. Mwaka uliotangulia ilikuja kampuni ya kuchimba kinywe, yale madini meusi ya kutengenezea betri na penseli, ikazungushia uzio mashamba ya upande wa mashariki wa kijiji, mikorosho ikiwa ndani. Wanakijiji walipouliza nani ametoa ardhi, wakajibiwa kwamba wameitoa wao wenyewe, kwenye mkutano mkuu wa kijiji wa mwezi Agosti 2021, na muhtasari upo. Hakuna aliyeukumbuka mkutano huo. Beatrisi alikwenda ofisi ya kijiji mara tatu kuomba kuuona muhtasari. Mara ya nne mtendaji alikuwa msibani, na aliyeachiwa ufunguo akamkabidhi. Beatrisi akaupeleka Ruangwa mjini, akatoa kopi, akaurudisha kabla ya saa tisa.

Kwenye karatasi, akidi ilitaka watu mia mbili. Bila idadi hiyo mkutano si mkutano. Majina mia moja themanini na tisa yalikuwa ya watu walio hai, na sahihi zilikuwa zao kweli, ila walikuwa wamesaini kuandikisha salfa ya kupulizia mikorosho. Ukurasa wa juu ndio uliobadilishwa. Baada ya hapo yalifuata majina mengine kumi na manne, yote kwa alama ya kidole gumba, wino wa zambarau. Hao kumi na wanne walikuwa wameshafariki kabla ya tarehe ya mkutano.

Beatrisi alikuwa anayaeleza hayo mbele ya kamera wakati mumewe, Stefano, alipobisha hodi uani. Stefano alizikwa mwaka 2018 baada ya kuugua kifua.

"Karibu," Beatrisi alisema. "Futa miguu, nimefagia."

Stefano akafuta miguu. Akamsalimia Faudhia, Faudhia akampa shikamoo yake, kisha akabaki amesimama, amekunja mikono nyuma.

"Nimesikia mnawauliza waliosaini," alisema. "Na mimi nimesaini."

"Umesaini wapi wewe?" mkewe alimuuliza.

"Hilo ndilo lililonileta."

Faudhia alivuta kiti cha pili, akarudisha kamera nyuma hatua mbili ili wote waenee kwenye picha. Alimfunga Stefano kipaza sauti kwenye kola. Akamwomba ataje jina lake na umri wake.

"Stefano Likongo. Miaka sitini na mmoja. Nilipofariki nilikuwa na sitini na mmoja."

Alizungumza dakika ishirini na mbili. Alitaja mipaka ya shamba lake jiwe kwa jiwe, akasema mwaka 2021 hakuhudhuria mkutano wowote, na hata alipokuwa hai hakuipenda mikutano kwa sababu watu wanakohoa sana. Mwisho Faudhia alimpa fomu ya ridhaa, maana hakuwahi kumtia mtu kwenye filamu bila mtu huyo kusaini kwamba amekubali. Stefano akasaini. Mahali pa namba ya simu akapaacha.

Kufika adhuhuri walikuwa wameshakuja watano wengine. Walikuja mchana, kama aendavyo mtu mwenye adabu kwenye nyumba ya watu, baada ya saa za shamba na kabla ya saa za chakula. Walikaa kwenye mkeka kusubiri zamu, Waislamu kwa Wakristo, wakiulizana habari za wajukuu. Kamera iliwachukua vizuri. Tatizo lilikuwa upepo tu, uliokuwa unavuma kwenye kipaza sauti, na Beatrisi alilimaliza kwa kipande cha soksi. Kufika Alhamisi jioni walikuwa wameshazungumza kumi na watatu.

Wa kumi na nne alifika Ijumaa saa tano, Faudhia akiwa amechutama anabadilisha betri. Alikuwa amejifunga khanga ya kahawia ambayo Faudhia alimpa mama yake mdogo siku ya kumaliza matanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Safari, mama."

Mwamina Saidi Nang'unda alifariki mwaka 2017. Alikaa kwenye kiti, akaweka khanga sawa begani, akaomba aonyeshwe hiyo karatasi. Faudhia akampa kopi, akamwekea kidole kwenye mstari wake. Mwamina aliusoma mstari, akasoma wa juu yake na wa chini yake. Kisha akagusa lile doa.

"Hii nini?"

"Kidole chako, mama. Wamechukua shamba, wakasema—"

"La shamba nimelisikia. Nakuuliza hii."

"Wameandika kwamba umeweka kidole."

Mwamina alimrudishia karatasi. Faudhia alirudi nyuma ya kamera na kuangalia kama taa nyekundu inawaka.

Mwaka 1975, Mwamina akiwa na miaka kumi na saba, kisomo cha watu wazima kilifunguliwa Namihuku, darasa la jioni baada ya palizi. Alijifunza kuandika kwa mkaa, nyuma ya mlango wa jikoni, kwa kuwa daftari lilikuwa moja kwa watu watatu. Tangu mwaka huo hakuwahi kuweka kidole popote. Mizanini, msimu wa korosho, karani alipomsukumia kile kidude cha wino, yeye alikirudisha na kuomba kalamu. Aliandika majina yote matatu, polepole, herufi moja baada ya nyingine, na foleni nzima ilisubiri juani. Kuna waliomwita Mwalimu kwa kejeli. Naye aliitika.

"Kalamu," Mwamina alisema.

Faudhia akampa kalamu na karatasi tupu. Mwamina akaliweka goti sawa, akaanza kuandika. Alipofika kwenye ile ng' ya ng'ombe katika Nang'unda, kwenye kile kijialama cha juu, aliinua kalamu, akakipima kwa jicho, akakiweka. Ilichukua dakika nne na sekunde kumi na moja. Kisha akaigeuzia karatasi kwenye kamera na kuishika chini ya kidevu.

"Mimi ni Mwamina Saidi Nang'unda," alisema. "Kuandika najua. Shamba sikulitoa."

Hakuwa na la zaidi. Faudhia alitaka kumuuliza maswali mengine saba aliyokuwa ameyaandaa, akaona hayahitajiki.

"Umeichukua vizuri?" Mwamina aliuliza.

"Vizuri, mama."

"Usiikate."

Jumatatu iliyofuata Faudhia alikwenda kwa mtendaji wa kijiji, kijana aliyeitwa Edwin, na mama yake alimsindikiza. Edwin alikubali kurekodiwa. Alifunga dirisha, akavaa koti, akamwamkia Mwamina na kumwekea kiti.

"Akidi ilikuwa haijatimia," Edwin alieleza. "Wakubwa wangu walinipigia simu mara nne siku ile. Walisema kesho asubuhi muhtasari uwe mezani. Nilikuwa na majina mia moja themanini na tisa."

"Kwa nini marehemu?" Faudhia aliuliza.

"Walio hai ningewapelekea karatasi, wangeisoma. Kidole ni changu mwenyewe, nilikigeuzageuza." Akaangalia mikono yake. "Nilijua marehemu hana neno."

"Ninalo," Mwamina alisema.

"Ndiyo, mama. Sasa nimejua."

"Na majina yangu ulijua naandika?"

"Nilijua, mama. Mimi mwenyewe nilipokuwa darasa la pili ulinifundisha kuandika g."

"Basi hukukosea kwa kutojua."

"Hapana, mama. Sikukosea kwa kutojua."

Naye akasaini fomu ya ridhaa. Alisaini haraka, kama watu wa ofisini.

Wanakijiji waliandika malalamiko, wote kumi na wanne wakiwa mbele ya orodha, wakayapeleka kwenye ofisi inayohusika. Afisa aliyewapokea alikuwa mtu mpole. Aliwakaribisha waketi, walio hai kwenye viti na marehemu kwenye benchi, akasoma barua yote. Kisha akaeleza kwamba alama za vidole zilizo kwenye muhtasari ni halali, kwa kuwa muhtasari una muhuri. Lakini malalamiko ya hawa kumi na wanne hawezi kuyapokea, kwa kuwa mlalamikaji lazima awe na namba ya kitambulisho inayofanya kazi, na za kwao zilifungwa walipofariki.

"Kwa hiyo kukubali tunaweza," Stefano aliuliza, "kukataa ndio hatuwezi?"

Afisa alifikiri kidogo. "Kwa utaratibu uliopo, ndiyo, mzee."

Alisema kwa masikitiko, na wote waliona kwamba anasikitika kweli. Faudhia alikuwa ameacha kamera inafanya kazi, magotini, kwa ruhusa ya afisa huyo.

Alirudi Nachingwea akaanza kuunganisha picha. Alifanya kazi hiyo asubuhi, kabla wateja wa harusi hawajaja, dirisha limezibwa kwa kitenge. Miezi sita ilipita. Filamu akaiita *Akidi*. Akaipeleka kuombewa kibali cha kuonyeshwa, na baada ya wiki tatu akapigiwa simu. Aliyepiga alimsifu. Alisema filamu ni nzuri, sauti safi, na kibali kitatoka bila shida, ila aondoe wale kumi na wanne, maana wanaleta utata. Tena kampuni nayo ilikuwa inatafuta mtu wa kuipigia video za miradi yake ya jamii, mtu wa hapahapa kusini, na jina la Faudhia lilikuwa limetajwa.

Faudhia alisema atafikiri. Na kweli alifikiri. Alikuwa na watoto wawili shule, na kamera yake ilikuwa imeanza kukwama kwenye kitufe cha kuvuta karibu. Siku ya tisa mama yake alishuka stendi ya Nachingwea na basi la asubuhi, akatembea mpaka chumbani, akakaa kwenye kiti cha bibi harusi.

Faudhia akamweleza yote, hata ile kazi ya kampuni hakumficha.

"Kuwatoa wote kumi na wanne ni kazi ngumu?" Mwamina aliuliza.

"Si ngumu, mama. Nusu saa."

"Walinitia bila kuniuliza," Mwamina alisema. "Wewe unataka kunitoa bila kuniuliza?"

"Nakuuliza."

"Basi nimekataa."

Faudhia akapiga simu palepale, mama yake akisikiliza, akasema filamu inabaki ilivyo. Upande wa pili wakasema wamemwelewa. Kibali hakikuja wala hakikukataliwa. Mwamina alikaa mpaka adhuhuri, akaangalia sehemu yake kwenye kompyuta, zile dakika nne na sekunde kumi na moja, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Akasema mkono wake umeonekana mzuri. Faudhia alikuwa na miaka thelathini na sita, na hakukumbuka siku nyingine ambayo mama yake alikaa kwenye chumba chake cha kazi na kumwangalia akifanya kazi.

Filamu ilionyeshwa hivyohivyo bila kibali, mara ya kwanza Namihuku, Jumamosi ya pili ya Machi, saa nane mchana, ndani ya ghala la chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Msimu huo ghala huwa tupu. Beatrisi alishona mashuka matatu kuwa moja, wakaliwamba ukutani, wakaziba madirisha kwa magunia. Walikuja watu wa Namihuku na wa vijiji vya jirani, wakajaa mpaka mlangoni. Benchi la mbele waliachiwa wale kumi na wanne. Edwin naye alikuja. Alikuwa amepandishwa cheo, amekuwa mtendaji wa kata nyingine mbali kidogo, lakini alikuja na mwavuli wake, akasimama karibu na mlango.

Dakika ya kumi na mbili mvua ilinyesha. Ilinyesha kama inyeshavyo Machi, juu ya bati zima la ghala, na sauti ya filamu ikapotea. Faudhia aliongeza spika mpaka mwisho, haikusaidia. Kwenye shuka Stefano alikuwa anataja mipaka ya shamba lake, midomo inacheza, hakuna kinachosikika. Watu wakaanza kunong'ona. Faudhia alinyoosha mkono azime mashine.

Stefano alisimama kutoka kwenye benchi. Akageuka kuwatazama watu, mgongo wake ukiwa kwenye shuka, akaanza kusema maneno yake yaleyale kwa sauti kubwa ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Aliyasema sawasawa na midomo iliyo nyuma yake, jiwe kwa jiwe. Alipomaliza akakaa, akasimama wa pili. Faudhia aliuondoa mkono kwenye mashine, akazima spika. Wale watu walisimama mmojammoja kwa mpangilio ambao yeye mwenyewe alikuwa ameupanga, na hakuna aliyeruka neno.

Ilipofika sehemu ya Mwamina, hakukuwa na la kusema kwa dakika nne, kwa hiyo alisimama tu. Watu mia tatu na zaidi walikaa kwenye sakafu ya saruji wakitazama mkono unaoandika, huku mvua inapiga bati. Watoto walisoma herufi kwa midomo. Mwisho Mwamina akasema maneno yake, na ghala zima likayarudia, "Kuandika najua. Shamba sikulitoa," ijapokuwa wengi wao hawakuwa na shamba upande ule.

Kisha kwenye shuka akatokea Edwin, amevaa koti, midomo inacheza. Watu wakageuka kuangalia mlangoni.

Edwin aliangalia mvua iliyokuwa nje. Alikuwa na mwavuli. Akauegemeza ukutani, akapita katikati ya watu mpaka mbele, akasimama pale walipokuwa wanasimama wenzake. Alikuwa amechelewa maneno mawili matatu, akayafikia. Alisema akidi ilikuwa haijatimia. Alisema alipigiwa simu mara nne. Alisema kidole ni chake mwenyewe, alikigeuzageuza. Sauti ilimkatika mara moja, na Mwamina, ambaye alikuwepo siku ile na aliyajua maneno, alimkumbusha. Edwin alipomaliza hakuna aliyempigia makofi wala kumzomea. Walimsogezea nafasi kwenye benchi.

Siku ile Faudhia alirudi Nachingwea amelowa chapachapa, na njia nzima aliimba.

*Akidi* ilionyeshwa Ruangwa, ikaonyeshwa Nachingwea mara mbili, Lindi, na Dar es Salaam kwenye ukumbi mmoja wenye viti vya kukunja. Wale kumi na wanne walikwenda kila palipokuwa na nafasi. Dar es Salaam kijana mmoja alisimama wakati wa maswali, akataka kujua Faudhia aliwapataje marehemu, alitumia programu gani. Faudhia alijibu kwamba walikuja wenyewe, yeye alichofanya ni kuweka viti. Filamu ilipewa tuzo ndogo ya kioo, ambayo Beatrisi aliiomba ikae kwake, naye akaiweka juu ya kabati, mahali ambapo mgeni hawezi kukosa kuiona.

Iliundwa kamati kuchunguza jambo lile. Kamati ilikuja Namihuku siku moja, ikaiona filamu, ikawasikiliza wote, walio hai na waliokufa, ikala kuku, ikaandika taarifa. Taarifa ilisema muhtasari una muhuri. Juni mashine zilianza kuchimba. Mikorosho ya Mwamina thelathini na miwili iling'olewa kwa siku moja na nusu.

Jumatano ya wiki iliyofuata, saa tatu asubuhi, Faudhia na mama yake walikwenda kwenye geti la kampuni. Faudhia alikuwa na kamera. Mlinzi aliwaamkia, akawaeleza kwamba kupiga picha hakuruhusiwi, wala kuingia bila barua, lakini kila anayefika getini lazima aandikwe. Akafungua daftari la wageni.

"Jina?"

"Mwamina Saidi Nang'unda."

"Unatoka wapi, mama?"

"Hapahapa."

"Cheo?"

Mwamina aliangalia ng'ambo ya uzio. Pale palipokuwa na mikorosho palikuwa na shimo la mviringo lenye ngazi za udongo mweusi, na lori linapanda.

"Mwenye shamba," alisema.

Mlinzi aliandika: *Mwenye shamba.* Kwenye sababu ya kuja akaandika: *Kuangalia shamba.* Kwenye muda wa kuingia akaacha wazi, kwa kuwa hakuingia. Alimletea Mwamina kiti chake mwenyewe, akakiweka kivulini nje ya uzio, mahali pa kuona vizuri, na Mwamina akakaa wima. Faudhia alisimama kando yake.

Baadaye kidogo Stefano alitokea barabarani, na nyuma yake wengine, wamevaa vizuri. Mlinzi akawahesabu kwa macho, kisha akafungua ukurasa mpya.